Kasi na nembo mmetuandikia, mbona habari ya kukaa na gari hamkuigusa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe ya moyoni kuhusu ule ulinganisho wenu wa magari ya kasi. Nimeusoma mwanzo mpaka mwisho, nikarudia, na nashukuru kwamba mnaandika mambo haya kwa Kiswahili maana wengi wetu tumezoea kuyatafuta kwa lugha za watu. Ila kuna kitu kimenikaa kooni. Mmepanga gari kwa sekunde za kufika kilometa 100, mkapanga tena kwa spidi ya mwisho, mkaweka na alama za heshima ya nembo, alafu mkamtangaza mshindi, basi. Gari ambayo mtu atalala nayo na kuamka nayo miaka na miaka mmeihukumu kwa sekunde tatu. Mi ni fundi, gari za aina hii ndo kazi yangu, na naona swali kubwa kuliko yote mmeliruka: hiyo gari ikishanunuliwa, mwenyewe ataiendesha mara ngapi?

Tuanze na kasi maana ndo kila mtu anakoanzia. Ferrari F40 ilipotoka 1987 ilikuwa gari ya ndoto, turbo mbili, nguvu za farasi 478, kilometa 324 kwa saa, na kufika 100 ilikuwa inachukua sekunde nne na kidogo. Redio haina, zulia hakuna, mlango kwa ndani unaufungua kwa kuvuta kamba, yaani kila kitu kimetolewa ili gari iwe nyepesi ikimbie. Leo Audi RS6, gari ya familia yenye siti tano na buti la lita 565, inafika 100 kwa sekunde 3.6. Mtu amebeba watoto na mizigo, AC inapuliza, miziki inalia, na F40 anaiacha pale taa zinapowaka kijani. Alafu umeme ukaja ukamaliza ubishi kabisa, Tesla Model S Plaid ya 2021 ina mota tatu na farasi 1,020, milango minne, na inaondoka kimya kimya kuliko gari yoyote ya silinda 12 iliyowahi kubandikwa ukutani na vijana. Sidharau hata kidogo, ile ni kazi kubwa ya uhandisi. Lakini ikishafika mahali gari ya kwendea kazini inaziacha gari za mashindano za juzi, basi hiyo namba ya sekunde haituambii tena gari ipi ni ipi.

Na hizo namba zenyewe mlizozipanga kwenye jedwali moja hazikupimwa kwa kipimo kimoja, hapa ndo nilipoumia zaidi. Wamarekani wanapima kutoka 0 mpaka maili 60, ambayo ni kilometa 96.6 na sio 100, na mara nyingi wanaitoa ile futi moja ya kwanza, kama sentimeta 30 hivi, kwa desturi iliyotoka kwenye viwanja vya dragi, zile mbio fupi za kunyooka, ambako saa inaanza kuhesabu pale tairi inapoachana na mwanga wa kipimo. Maana yake saa inapoanza gari tayari inatembea. Ile 1.99 ya Plaid ni ya namna hiyo, na lami nayo mara nyingine inakuwa imepakwa dawa ya kunata. Mkiichukua mkaiweka jirani na namba iliyopimwa 0 mpaka 100 gari ikiwa imesimama kabisa kwenye lami ya kawaida, mnakuwa mmelinganisha vitu viwili tofauti alafu msomaji anaenda kubishana na wenzake kwa namba ambazo hazikukutana popote.

Spidi ya mwisho ndo kabisa. Gari ikishavuka 200 adui yake mkubwa ni upepo, na upepo haubembelezwi, ukitaka kuzidisha mwendo mara mbili basi nguvu ya kuusukuma inatakiwa mara nane. Angalieni wenyewe: McLaren F1 mwaka 1998 ilifika kilometa 386 kwa farasi 627 tu bila turbo, Bugatti Veyron ya 2005 ikaja na farasi 1,001 na turbo nne ikapata 407, yaani farasi karibu 400 zaidi kwa kilometa 21. Mwaka 2019 Bugatti Chiron Super Sport 300+ yenye farasi 1,600 ikafika 490, dereva akiwa Andy Wallace yuleyule aliyeikimbiza McLaren na njia ikiwa ileile ya majaribio ya Ehra-Lessien kule Ujerumani, na pamoja na sifa zote hizo zile walizouziwa wateja zimefungwa zisivuke 440. Veyron ina rejeta kumi, na kuna funguo ya pili unaiingiza pembeni ya siti ndo gari ijishushe na ikubali kuvuka 375, alafu ukiikanyaga mpaka mwisho tenki la lita 100 linakwisha kwa dakika kama 12. Mi naiheshimu sana ile mashine, naipenda kweli, ila namba hiyo ni ya kiwandani, mnunuzi hana pa kuipeleka. Alafu gari nyingi za BMW, Mercedes na Audi zinafungwa na kompyuta zisizidi 250 kwa makubaliano ya wenyewe Wajerumani, nyie mkazipa alama chache kana kwamba injini zimeshindwa.

Kasi inayotumika barabarani ni ile ya kutoka 80 mpaka 120, pale unapolipita lori refu na unataka kurudi upande wako mapema. Hiyo hamkuipima. Na breki nazo hamkuzipima, sio kusimama mara moja kutoka 100, bali kusimama mara ya tano na ya sita kwenye mteremko zikiwa zimeshachemka, maana gari nzito yenye nguvu nyingi hapo ndo inamuumbua mwenyewe. BMW M5 mpya iliyotoka 2024 ina farasi 727 na inasifiwa kila kona, sawa, lakini ina uzito wa zaidi ya kilo 2,400, na uzito huo wote unaegemea kwenye breki na tairi nne zilezile. Kompyuta inaweza kuuficha uzito usiusikie kwenye usukani. Mi nauona pedi zinapokuja zimekwisha.

Sasa nembo. Kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa kwamba GT-R haifai kukaa meza moja na Porsche kwa sababu ni Nissan tu, na nyie mkaonekana kumkubalia maana alama za heshima mlizoipa ni chache kuliko zote. Jamani. GT-R R35 ilipotoka 2007 ilikuwa na V6, yaani injini ya silinda sita, ya lita 3.8, turbo mbili, farasi 480, na Porsche 911 Turbo ya wakati ule nayo ilikuwa na farasi 480, sawasawa. Wajapani wakaipeleka Nürburgring, ile njia ya zaidi ya kilometa 20 inayopanda na kushuka msituni, wakazunguka kwa dakika 7 na sekunde 38, mwaka uliofuata wakashusha mpaka 7 na 29. Porsche hawakuamini, wakanunua GT-R yao wenyewe wakaijaribu wakapata 7 na 54, ugomvi ukawa mkubwa kwelikweli. Sina haja ya kuamua nani alikuwa mkweli, ninachokiona mimi ni kwamba kampuni kama Porsche haiwezi kuhangaika kununua gari ya mwenzake na kuipeleka kwenye kona zile kama gari yenyewe ni ya mchezo.

Na mtu aliyelala chini ya GT-R hawezi kusema ni Nissan tu. Gia boksi imehamishiwa nyuma ili uzito ugawanyike, kwa hiyo kuna shafti inayopeleka nguvu nyuma alafu kuna nyingine pembeni yake inairudisha mbele kwenye miguu ya mbele, ukiziona zimelala sambamba unajua kabisa kuna watu walikaa chini wakafikiri. Injini inafungwa kwa mkono, fundi mmoja na injini yake, na jina lake linabandikwa juu, kama wanavyofanya AMG, wale wa gari za kasi za Mercedes, kule Affalterbach Ujerumani. Imetengenezwa mpaka Agosti 2025, miaka 18 kwa umbo lilelile, na mpaka inaondoka bado watu walikuwa wanaitaja wakitaka kupima gari mpya. Ina matatizo yake, zile za mwanzo ukiitumia sana lonchi kontrol, yaani ule mfumo wa kuondoka kwa nguvu zote, gia boksi ilikuwa inalalamika mpaka Nissan wakabadilisha programu, na hilo nitalirudia. Ila heshima yake imeshaipata barabarani.

Hata yule farasi wa Ferrari hakuzaliwa na heshima. Alikuwa alama ya kwenye ndege ya rubani Francesco Baracca wa vita ya kwanza ya dunia, Enzo Ferrari akampokea, na heshima ikajengwa kwa kushinda mbio na kwa kupoteza madereva pia. Nembo inajengwa. Lexus walipoleta LFA mwisho wa 2010, V10 ya lita 4.8 inayozunguka mpaka mara 9,000 kwa dakika, inapanda kutoka mzunguko wa chini gari ikiwa imesimama mpaka juu kwa sekunde 0.6 hadi wakaweka kipimo cha mizunguko cha kioo maana mshale wa kawaida usingeweza kuifuata, watu wakasema eti nani atatoa hela yote ile kwa Lexus. Zilitengenezwa 500 tu na bado nyingine zilikaa kwenye maduka ya magari miaka baada ya kiwanda kuacha. Leo waulizeni wanaozitafuta. Zinauzwa kwa hela kubwa kuliko zilivyotoka kiwandani, na injini ni ileile, sauti ileile, herufi ileile kwenye bonneti.

Mfano mwingine uko wazi zaidi. Audi R8 ya kizazi cha pili na Lamborghini Huracán zina V10 ya lita 5.2 ya ukoo mmoja na zimekaa juu ya mifupa inayofanana, maana Lamborghini iko chini ya Audi tangu 1998. Huracán ikipita watu wanatoa simu, R8 wanaigeukia tu. R8 ikiuzwa iliyotumika inakuwa nafuu kuliko Huracán, na mwenyewe anaweza kuiacha maegeshoni akaikuta haijazungukwa na watoto wanaotaka kupanda juu. Kwa mtu anayetaka kuendesha hiyo ni faida tupu. Kwa mtu anayetaka kuonekana ni hasara, na simlaumu, hela ni yake, lakini gazeti lingemwambia kwamba anacholipia ni umbo na jina ili aamue akijua.

Ila sitaki nieleweke vibaya, nembo sio hewa. Nembo nzuri kwangu mimi fundi ni ile ambayo nikiagiza spea ya gari ya zamani naipata. Porsche wanaendelea kutengeneza spea za 911 za miaka ya sitini na sabini, Ferrari wana idara nzima ya Classiche ya kukagua na kurudisha gari zao za zamani katika hali yake, na huo ndo msingi wa bei zao kutoanguka hovyo, mnunuzi wa pili anajua gari haitakufa kwa kukosa kipande cha plastiki. Hapo nembo inafanya kazi. Mngeipa alama kwa hilo ningekaa kimya, nyie mliipa kwa jinsi inavyogeuza shingo za watu.

Basi tuje kwenye kukaa nayo. Tairi kwanza. Gari hizi nyingi zimewekewa kemba, yaani tairi imelala kidogo kwa ndani ili ishike vizuri kwenye kona, na kwenye mwendo wa kawaida wa kunyooka upande wa ndani ndo unasagika. Mteja alileta gari yake kwa kubadilisha oili tu, tairi za nyuma ukisimama pembeni unaona mpya kabisa, maandishi yanang'aa. Nikaingiza mkono kwa ndani nikakuta kipara, na nilivyozungusha vidole nikagusa nyuzi za chuma zimeanza kutoka. Alikuwa ametoka safari ndefu na familia, kwa mwendo ambao sitaki hata kuufikiria. Gari ya namna hii inamaliza seti ya nyuma mapema kuliko mtu anavyotarajia, saizi zake haziko kila duka, na zile laini zenyewe zinazopewa sifa kwenye majaribio ya kasi kwenye mvua na baridi zinateleza. Jedwali lenu halikuwa na mstari wa tairi hata mmoja.

Breki za kaboni na kauri nazo mmezisifia kwamba zinasimamisha gari vizuri na hazina vumbi, kweli, na kwa matumizi ya barabarani zinadumu sana. Ila uchakavu wake haupimwi kwa unene kama diski za chuma, diski inapimwa uzito, kila moja imeandikwa uzito wa chini unaoruhusiwa, kwa hiyo aliyekuuzia akikwambia ziko nene usitulie. Na kuna hatari nyingine ya kijinga kabisa: wakati wa kutoa rimu ikiteleza ikagonga ukingo wa diski, kauri inamenyeka, na diski imekwenda. Ndo maana tunafunga vyuma virefu vya kuongoza rimu kabla ya kuitoa. Pancha ya dakika kumi kwa fundi wa haraka haraka inaweza kugharimu kuliko injini ya gari ndogo.

Kuna imani nyingine imeenea na makala yenu imeitia nguvu, kwamba gari ya kilometa chache ndo nzima. Sio lazima. Gari ikikaa imesimama sili zinakauka zinaanza kuvujisha, tairi zinatengeneza bapa pale zilipokanyaga, betri inakufa na ikifa kompyuta zinaanza kuandika makosa ambayo hayapo, mafuta yanachacha kwenye tenki. Nimepokea gari zilizofunikwa shuka miaka, rangi kama kioo, na ndani ya wiki moja ya kutembea zimeanza kudondosha kila aina ya maji. Tairi zina tarehe yake jamani, tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba ya DOT, 3219 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2019, na tairi ya zamani hata kama ina meno yote haifai kwa gari ya kwenda 250. Kwa pesa yangu ningechukua 911 iliyotembea na ina rekodi za sevisi mfululizo kabla ya ile iliyolala.

Alafu kuna jinsi gari ilivyoundwa kutengenezwa, hili ndo linaamua mtu ataipenda au ataiuza. Ferrari 348 na F355, gari nzuri mno kwa macho na kwa sauti, kubadilisha taimingi belti, ule mkanda unaoendesha valvu za injini, injini inashuka nzima pamoja na fremu yake ya nyuma, na belti haijali umetembea au umesimama, miaka ikitimia inatolewa. Wakati huohuo Honda wakaleta NSX, 1990, bodi la alumini tupu, V6 ya katikati, Ayrton Senna, yule dereva wa Formula One, aliijaribu kwenye njia ya mbio ya Suzuka Japani akawaambia bodi halijakaza wakaenda kulikaza, na belti yake unaibadilisha injini ikiwa mahali pake. Unaiwasha asubuhi inawaka, unaona nyuma, klachi haikuvunji mguu. Gordon Murray, aliyeunda McLaren F1, amesema wazi kwamba NSX ndo ilikuwa kipimo chake cha jinsi gari ya kasi inavyotakiwa iendeshwe siku zote. Fikirini, gari iliyokuja kuwa ya haraka kuliko zote duniani wakati ule ikaenda kujifunza adabu kwa Honda. Ferrari nao wakaja kuweka cheni kwenye F430 ya 2004, na siku hizi gari zao mpya zinakuja na sevisi za kawaida za miaka 7 zimeshalipiwa, ambayo ni heri kwa mnunuzi wa kwanza na wa pili.

Porsche naye asisifiwe tu. 911 za kizazi cha 996, zile za kwanza za kupozwa na maji, Carrera zake zina ile beringi ya shafti ya kati, IMS, ambayo ikivunjika injini yote imekwenda na onyo unaweza usilipate. Turbo na GT3 za wakati huo zina injini ya ukoo mwingine, hazina ugonjwa huo. Kitu kama hiki mnunuzi angekijua kabla angeuliza swali moja tu, beringi imeshabadilishwa au bado, na risiti iko wapi. Vilevile BMW M5 ya kizazi cha E60, V10 ya farasi 507, sauti ambayo sijapata kuisikia tena kwenye gari ya milango minne, ila beringi za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na kranki, zinakula na pampu ya ile gia boksi ya SMG isiyo na pedali ya klachi nayo inasumbua, na kwa sababu imeshuka bei sana kijana anaiona anasema hii naiweza. Kununua anaiweza. Bei imeshuka lakini spea hazijashuka, bado ni za gari ya juu kama ilivyokuwa mpya, na hapo ndo nyingi zinaishia kusimama nyuma ya gereji na bonneti wazi.

Mambo madogo madogo nayapita haraka. Kama gari inagusa kila tuta na haina kifaa cha kunyanyua pua, utaanza kuchagua njia, mwisho utaanza kuchagua siku. Bima ipigiwe simu kabla ya kulipa, sio baada. Siti za nyuma za 911 ni za watoto au begi, lakini zipo, na mbele kuna sehemu ya mizigo ya lita 130 hivi, ndo maana utaikuta 911 imetembea laki mbili na kitu wakati Ferrari ya rika lake ina elfu ishirini. Unaiona mbele na nyuma, imesimama juu kidogo, mlango haukusumbui. Hii ndo gari ambayo imebaki na injini nyuma tangu 1963 kila mtu akisema ni mahali pabaya, wakaendelea kuirekebisha mpaka kasoro ikawa tabia yake.

Yule ndugu aliyeuliza kwenye safu yenu achukue ipi kati ya 911 Turbo S, GT-R na Corvette C8, mkamjibu Turbo S kwa sababu inafika 100 kwa sekunde 2.7, mi ningemjibu tofauti. Kama ataiendesha kila siku achukue 911 Carrera ya kawaida, aachane na Turbo S, farasi zile za nyongeza ataziona mara chache na tairi atazilipia kila mara. Kama anataka injini ya katikati na hataki presha, Corvette C8 ina V8 ya lita 6.2 isiyo na turbo, farasi 495, valvu zinasukumwa na vifimbo kama zamani, haina maajabu mengi ya kuharibika, na ina sehemu ya mizigo mbele na nyuma. Kama moyo wake uko kwa GT-R basi aende nayo bila aibu, ila atafute ambayo haijaongezewa nguvu na watu, gia boksi ikaguliwe, oili yake iwe imebadilishwa kwa wakati, na ajue kwamba inataka tairi za saizi na aina yake, sio zilizopatikana. Kwenye Porsche kompyuta ya injini inatunza kumbukumbu za kuzidisha mizunguko, kwa madaraja sita, na masaa ya injini yalikuwa mangapi ilipotokea, fundi mwenye mashine anasoma kwa dakika chache. Muuzaji akikataa isisomwe, aondoke.

Ombi langu, Mhariri, mkirudia ulinganisho huu mziendeshe gari hizo mwezi mzima na sio asubuhi moja, kwenye mvua, kwenye foleni, na mizigo ya kweli ndani. Muandike seti ya tairi ilidumu kilometa ngapi, sevisi kubwa inataka injini ishuke au haitaki, mafuta ya oktani gani, spea ya kawaida kama pedi inachukua siku ngapi kufika. Na msiishie kwa aliyeinunua juzi maana huyo bado anapiga picha. Mtafuteni na aliyeiuza, mumuulize aliiuza kwa nini.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi